Mwongozo kamili: kubatilisha ndoa ya zamani na kuvuka viza wakati mpenzi yuko nchi nyingine

Tuanze na lile kosa linaloua watu wengi. Wawili wamependana, mmoja yuko huku mwingine kule, na mmoja wao ana ndoa ya zamani ambayo moyoni ilishakufa kitambo ila kwenye makaratasi bado inapumua, afu wanakimbilia kujaza fomu za viza wakijipa moyo kwamba hiyo ya ndoa itamalizikia njiani. Haimaliziki njiani, inakwamia njiani. Ada ya fomu hairudi, na ombi lililokataliwa linabaki kwenye faili lako, kila ombi linalofuata utaulizwa.

Kwahiyo mpangilio ni huu na usiugeuze: kwanza uwe huru kisheria, pili uwe na karatasi inayosema uko huru, tatu ndo ufungue habari ya viza. Kati ya la kwanza na la pili watu wengi hudhani ni kitu kimoja kumbe sio, ntaeleza huko chini.

Angalizo tu, mi sio wakili. Haya ni mambo ambayo mtu akiyajua kabla ya kwenda kwa wakili anaokoa hela na miezi kadhaa.

Hatua ya 1: jua unahitaji nini hasa, talaka au kubatilisha

Talaka inasema ndoa ilikuwepo na sasa imevunjwa. Kubatilisha kunasema ndoa ilikuwa na kasoro tokea siku ile ile ya kufungwa. Na hapo kwenye kubatilisha kuna mafungu mawili. Kuna ndoa iliyo batili tangu mwanzo, mfano mmoja wenu alikuwa bado na ndoa nyingine hai, au ni ndugu wa damu wa karibu, au umri haukufika. Afu kuna ndoa ambayo ni halali mpaka pale mmoja atakapoenda mahakamani kuomba ibatilishwe, mfano ulilazimishwa, ulidanganywa jambo kubwa, au tendo la ndoa halikuwahi kuwezekana. Hii ya pili kwa kawaida ina muda wa mwisho wa kuomba, ukichelewa mlango unafungwa.

Kutengana hakumo humu kabisa. Hata muwe mmetengana miaka 15, hata mahakama iwe imetoa amri ya kutengana na mmegawana vijiko, bado we ni mke au mume wa mtu. Kwa viza ya uchumba au ya wanandoa, afisa hahesabu miaka ya kutengana, anahesabu hati.

Sasa sikiliza hii maana itakuokolea pesa: kwa afisa wa viza, talaka na kubatilisha vina uzito sawa. Anachotaka ni uthibitisho kwamba ndoa ya zamani imeisha kihalali pale ilipoishia. Kwahiyo kama nchi yako ina talaka ya kawaida, na hamna sababu ya dini au ya kifamilia inayokusukuma, chukua talaka. Kubatilisha kunadai ushahidi wa kasoro ya mwanzo, mashahidi, wakati mwingine madaktari, na mahakama inaweza kusema sababu haijatosha ukaanza upya. Nshaona watu wanang'ang'ania kubatilisha kwa sababu tu neno talaka linawachoma, wanaishia kuongeza mwaka mzima juu ya kusubiri kwao. Ni haki yao, ila wajue bei yake.

Kuna sehemu kubatilisha kunakuwa ndo njia fupi. England na Wales huwezi kuomba talaka kabla ndoa haijafikisha mwaka 1, ila kubatilisha unaweza kuomba hata kabla ya mwaka huo ukiwa na sababu inayotambulika. Na kuna Ufilipino, ambako kwa raia wasio Waislamu talaka haipo kabisa, kubatilisha ndo mlango pekee kwa wengi. Nchi zilizobaki hivyo duniani ni Ufilipino na Vatikani, maana Chile ilifungua mwaka 2004 na Malta mwaka 2011.

Kanisa sio mahakama

Hili nalitenga peke yake kwa sababu limewaliza wengi. Mkatoliki anaenda kwenye mahakama ya kanisa, anapewa tamko kwamba ndoa yake ilikuwa batili, anashangilia, anajaza fomu za viza. Ubalozi unamrudisha. Tamko la kanisa linakuruhusu kufunga ndoa tena kanisani, basi, kiserikali bado una ndoa, labda kama nchi yako ina makubaliano maalum ya kutambua hukumu za kanisa. Na kinyume chake pia ni kweli, hukumu ya mahakama ya serikali haikupi ruhusa ya altare.

Kama mnataka vyote viwili, endesheni vyote viwili ila msivichanganye. Upande wa kanisa ulirahisishwa mwaka 2015 pale Papa Fransisko alipoondoa lile sharti la kila uamuzi kupitiwa na mahakama ya pili ya kanisa. Lakini kanuni kwenye majimbo mengi ni kwamba kanisa linasubiri kwanza talaka au ubatilisho wa serikali ukamilike, kwahiyo serikalini ndo mwanzo kwa vyovyote.

Hatua ya 2: kama ndoa ni ya Ufilipino, soma hapa taratibu

Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndo njia ngumu kuliko zote, na hata kama haikuhusu, utajifunza namna mahakama zinavyofikiri.

Kabla hujasema neno kubatilisha, jiulize maswali matatu. Je, mwenza wa zamani alikuwa mgeni, au alikuwa Mfilipino akachukua uraia wa nchi nyingine, na talaka ilishatoka huko nje? Kama ndiyo, huhitaji kubatilisha. Unahitaji kesi ya kutambuliwa kwa talaka ya nje, chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Familia, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 2018 haijalishi hata kama ni Mfilipino mwenyewe ndo aliyeifungua hiyo talaka. Utatakiwa kuthibitisha hati ya talaka na pia sheria ya talaka ya nchi hiyo, yote mawili, watu wengi wanaleta hati tu wanasahau sheria, kesi inaanguka. Swali la pili, je, mwenza alipotea? Miaka 4 bila kuonekana wala kusikika, au 2 kama alipotea kwenye hatari ya kifo, kuna utaratibu wa mkato wa kumtangaza kuwa anadhaniwa amekufa, ila lazima uoneshe ulimtafuta kweli. La tatu, je, mlifunga ndoa ya Kiislamu? Sheria ya mwaka 1977 inawapa Waislamu wa huko talaka.

Kama majibu yote ni hapana, ndo sasa unaingia kwenye kubatilisha. Sheria ya Familia, ambayo inatumika tangu Agosti 1988, ina sababu za kubatilisha kama ulaghai, nguvu, kutoweza tendo la ndoa, ugonjwa mkubwa wa zinaa usiotibika, na kadhalika. Ulaghai na kulazimishwa vina miaka 5 tu, ya ulaghai inahesabiwa tangu ulipogundua na ya nguvu tangu shinikizo lilipokoma. Usaliti wa baadaye haumo. Kupigwa haumo. Kutelekezwa haumo. Hivi vinaingia kwa mlango mwingine, kifungu cha 36, kwamba mmoja wenu hakuwa na uwezo wa kisaikolojia wa kubeba wajibu wa ndoa tokea mwanzo, na ndo mlango unaotumika sana. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilisema hili ni suala la kisheria na sio la kitabibu, kwahiyo sio lazima tena ripoti ya mwanasaikolojia, mashahidi waliokuona ukiishi na huyo mtu wanaweza kutosha. Wakili akikuambia lazima ulipe mtaalamu muulize kwanini, inawezekana ana sababu nzuri, ila aiseme.

Muswada wa talaka? Ulipita bunge la chini Mei 2024, ukakwama seneti. Usipange viza yako juu ya muswada.

Hatua ya 3: kesi yenyewe, na mitego yake

Mtego wa kwanza ni kudhani mkikubaliana na ex basi imeisha. Kwenye talaka makubaliano husaidia sana, kwenye kubatilisha yanaweza kukuua. Mahakama inataka kuona kasoro ya kweli, sio watu wawili wamechoka wakaandika hadithi. Huko Ufilipino kuna mwendesha mashtaka kabisa ambaye kazi yake kwenye kesi ni kuchunguza kama mmekula njama. Kwahiyo ex asipokupinga ni heri, ila msipange majibu pamoja, na usiache meseji za "we sema hivi mi ntasema hivi" kwenye simu.

Mtego wa pili ni ule wa kujichimbia kaburi. Maneno unayoapa kwenye ombi la kubatilisha yanabaki kwenye rekodi milele, na afisa wa viza anaweza kuyasoma. Chukua mtu aliyewahi kupata ukaazi kupitia ndoa ya kwanza, sasa anaomba ndoa hiyo ibatilishwe akiapa kwamba ilikuwa ya makaratasi tu. Amejishitaki mwenyewe. Marekani ina kifungu kinachomfungia maisha yake yote mtu aliyefunga ndoa ya kughushi kwa ajili ya uhamiaji, hata ndoa mpya iwe ya kweli kiasi gani. Vilevile ukiapa kwamba wewe ndo huna uwezo wa kisaikolojia wa kuishi ndani ya ndoa, afu miezi 6 baadaye unaomba viza ya uchumba, jiandae kulielezea hilo. Mwambie wakili wa kesi kwamba kuna viza mbele, na mwambie mtu wa viza kwamba kuna kesi nyuma, wasomeane karatasi.

Mtego wa tatu ni mapenzi yenu wenyewe. Wakati kesi inaendelea bado una ndoa. Kuna nchi ambako kutoka nje ya ndoa ni jinai, Ufilipino ikiwemo, na mwenza wa zamani mwenye hasira anaweza kuchukua picha zenu za ufukweni mlizoziposti kwa furaha akazipeleka polisi. Hapa ndo watu wanachanganyikiwa kwa sababu ubalozi unataka ushahidi wa uhusiano na wakili wa kesi anataka usionekane na uhusiano. Jibu ni kwamba hifadhi kila kitu, usiposti kitu. Tiketi, picha, meseji, viweke kwenye folda la siri lenye neno la siri, siku yake itafika. Tarehe za uhusiano usizidanganye baadaye ili zionekane zimeanza baada ya hukumu, maana simu ina kumbukumbu kuliko wewe.

Mtego wa nne, ndoa unayoijua kwamba ni batili usijihukumie mwenyewe. "Si alikuwa ana mke mwingine, kwahiyo yetu haikuwa ndoa, sihitaji mahakama." Sehemu nyingi ni lazima mahakama itamke kabla hujaoa au kuolewa tena, na ukiruka hapo unaweza kushitakiwa kwa ndoa mbili, na ile ndoa mpya uliyoombea viza nayo ikawa batili.

Kuhusu muda, kesi isiyopingwa na kesi inayopingwa ni wanyama wawili tofauti. Ex asiyejulikana alipo anaongeza kazi ya kumtangazia gazetini. Hakimu anahamishwa, tarehe zinasogezwa. Usimpe mpenzi wako tarehe ya harusi. Kweli, usimpe, uhusiano mwingi wa mbali unavunjika kwa ahadi za tarehe kuliko kwa umbali wenyewe.

Hatua ya 4: hukumu sio mwisho

Hapa ndo pale nilisema uhuru na karatasi ya uhuru ni vitu viwili. Hakimu akisoma hukumu leo, kesho bado hauko tayari. Kwa Ufilipino lazima muda wa kukata rufaa upite, upate hati inayosema hukumu imekuwa ya mwisho, afu hukumu iandikishwe kwa msajili wa eneo la mahakama na pale ndoa ilipoandikishwa, afu mamlaka ya taifa ya takwimu na usajili itoe cheti cha ndoa cha zamani chenye maelezo ya pembeni kwamba imebatilishwa. Ufilipino ukioa kabla mgawanyo wa mali na hukumu havijaandikishwa, ndoa mpya ni batili. England nako kuna hatua mbili, amri ya masharti kwanza, unasubiri wiki 6 na siku 1, ndo unaomba amri ya mwisho, na bila ile ya mwisho huruhusiwi kufunga ndoa nyingine.

Miezi mingi hupotea hapa kwa sababu mtu anadhani wakili anafuatilia, wakili naye anadhani kazi yake iliisha siku ya hukumu. Kwenye mkataba wa wakili andikeni kabisa kwamba kazi inaisha siku cheti chenye maelezo ya pembeni kinapofika mkononi mwako.

Ukishapata, omba nakala halisi zaidi ya moja. Kama nchi zote mbili ziko kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, unagonga mhuri wa apostile na hati inakubalika bila kupita ubalozini, Ufilipino iliingia Mei 2019 na Kanada Januari 2024. Kama moja haimo, unarudi kwenye safari ya zamani, wizara ya mambo ya nje afu ubalozi. Tafsiri ifanywe na mtafsiri anayekubalika na ile nchi inayopokea, sio binamu anayejua lugha.

Matapeli

Ukiwa ndo unayetuma hela kwa mpenzi ili alipie kesi, samahani kama hili linauma, omba namba ya kesi, jina la mahakama na jina la wakili, afu wakili wako wewe, au mtu mwingine huru, akaulize kwenye masijala. Mpenzi mkweli hatokasirika, au atakasirika kidogo afu atakutumia. Upande wa pili nao kuna mawakala wanaouza hukumu za "wiki 3 bila kufika mahakamani". Hukumu feki zipo, na inayogundulika ubalozini haiishii kukataliwa, inahesabiwa ni udanganyifu, ambao Marekani adhabu yake ni kuzuiwa kuingia bila kikomo mpaka upate msamaha maalum. Na talaka za fasta za nchi ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kuishi, hizo nazo ziangalie kwa macho mawili.

Hatua ya 5: chagua mlango wa viza

Kuna mlango wa wachumba na mlango wa wanandoa, na kuna mlango wa tatu ambao watu wengi hawaujui na unaweza kukuokoa miaka.

Marekani mchumba anaitwa K-1. Anayemwombea mwenzake lazima awe raia wa Marekani, mwenye ukaazi tu haruhusiwi. Wote wawili muwe huru kufunga ndoa siku fomu I-129F inapotumwa, sio siku ya usaili, ndo maana ile ya kuwahi fomu haifanyi kazi. Muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka 2 kabla ya kutuma, vidio koli hazihesabiki hata ziwe elfu. Ada ya fomu ilipandishwa hadi dola 675 Aprili 2024. Akifika mna siku 90 za kufunga ndoa, na afunge na huyo huyo aliyemwombea, akibadilisha mawazo akampenda mwingine kule kule hawezi kubadilishia viza ndani, anarudi. Mlango wa wanandoa ni fomu I-130, unachukua muda nje lakini akitua anatua na ukaazi, anafanya kazi kesho yake. Mi naona kama mnaweza kufunga ndoa nchi yoyote inayowaruhusu, wa wanandoa ni bora, hatua ni chache mkishafika. Wa uchumba unafaa pale ambapo kufunga ndoa nje ni shida. Ndoa za mtandaoni zipo na zinakubalika sehemu, ila kwa uhamiaji wa Marekani ndoa ambayo hamkuwa pamoja wakati wa kufunga haihesabiki mpaka mkutane kimwili baada yake, na muwe na ushahidi wa kukutana.

Uingereza viza ya uchumba ni miezi 6, hauruhusiwi kufanya kazi, mnafunga ndoa afu mnaomba tena kubadilisha, kwahiyo mnalipa mara mbili. Kipato cha mwenyeji kilipandishwa Aprili 2024 kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka, na anayetegemea akiba tu bila kipato anahitaji 88,500.

Sasa mlango wa tatu. Kama kesi ya kubatilisha inakula miaka, angalia nchi ya mwenzako inasemaje kuhusu wapenzi wasiofunga ndoa. Australia inatambua wanaoishi kama wanandoa kwa angalau miezi 12, hata kama mmoja bado kisheria ana ndoa na mtu mwingine aliyeachana naye kabisa. Uingereza inatambua uhusiano unaofanana na ndoa uliodumu miaka 2, na ndoa ya zamani sio lazima iwe imevunjwa mahakamani ilimradi uhusiano ule umekufa moja kwa moja na unaweza kuonesha. Kanada ina kundi lake kabisa la wapenzi ambao wako pamoja angalau mwaka 1 lakini hawawezi kuoana wala kuishi pamoja kwa sababu ya kizuizi kikubwa, na kuwa na ndoa kwenye nchi isiyo na talaka ni mfano wa wazi wa kizuizi hicho. Marekani haina mlango huo. Kwahiyo kama mwenzako ana uraia wa nchi mbili, au mnaweza kuchagua mtakaa wapi, hili swali muulizane mapema kabla hamjamlipa mtu yeyote.

Na viza ya utalii isiwe mpango wenu wa siri. Kwenda kutembea ni halali, kusema unaenda kutembea huku umebeba gauni la harusi na vyeti vyote vya shule ndo watu wanarudishwa airport.

Hatua ya 6: ushahidi

Usipeleke kurasa 2000 za wasap. Hamna atakayezisoma. Chagua skrinshoti chache kwa kila mwezi, zenye tarehe, zinazoonesha maisha, mtu anauliza homa imepungua, mtu anagombana kuhusu hela, mapenzi ya kweli yana ugomvi ndani yake. Kilicho na uzito ni mihuri ya pasipoti, bodingi pasi, risiti ya hoteli yenye majina yote mawili, picha na ndugu wa pande zote, risiti za kutumiana hela, miamala ya muda mrefu sio mitatu iliyotumwa wiki moja kabla ya ombi.

Kama kuonana kwenu ni shida ya viza, tafuteni nchi ya tatu ambayo nyote mnaingia bila viza au kwa viza ya kufikia. Safari mbili fupi zina nguvu kuliko moja ndefu, maana ya pili inaonesha mlirudiana baada ya kuonana.

Andikeni pia ratiba ya uhusiano kwenye ukurasa mmoja: tulijuana lini, kwa njia gani, tulionana lini, ndoa ya zamani iliisha lini. Nyote muwe na nakala hiyo hiyo. Tarehe zikipishana kati ya fomu, kiapo cha mahakamani na mdomo, hapo ndo shida inapoanzia, mara nyingi bila uongo wowote, mtu kasahau tu. Na fomu ikiuliza ndoa za zamani, iandike hata kama imebatilishwa. "Si mahakama imesema haikuwepo" sio jibu, wanauliza historia, na cheti chake kipo.

Hela ya udhamini, kwa ufupi

Marekani kwenye hatua ya ukaazi mdhamini aoneshe kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka, kwenye viza ya uchumba asilimia 100, na kama hafiki anaweza kuongeza mdhamini mwenza kwenye ile hatua ya ukaazi. Ile fomu ya udhamini kwenye hatua ya ukaazi, I-864, ni mkataba, talaka haiufuti, kwahiyo mdhamini aisome kabla ya kusaini.

Watoto

Watoto wa ndoa iliyobatilishwa sio lazima wapoteze uhalali wao, sheria nyingi zinawalinda, muulize wakili mapema ili usiishi na hofu ya bure. Kinachokwamisha ni safari: mtoto akiondoka na mzazi mmoja utadaiwa ruhusa ya maandishi ya mzazi mwingine au amri ya malezi. Ombi la malezi liingizwe ndani ya kesi hiyo hiyo ya kubatilisha, sio baadaye, maana baadaye ex anakuwa ameshajua unahama na ruhusa yake inapanda bei. Kwa K-1 watoto wanaingia kama K-2, wawe chini ya miaka 21 na hawajaoa wala kuolewa, na majina yao yawemo kwenye ombi la mwanzo.

Hatua ya 7: usaili

Maswali ni mepesi na ndo maana watu wanayafeli. Mwenzako anafanya kazi gani, ndugu zake wangapi, ndoa yake ya kwanza iliishaje, we ya kwako iliishaje, ilianza lini. Hayo ya ndoa ya zamani yajibu kwa sentensi mbili na uoneshe cheti, usianze kumsimulia afisa jinsi ex alivyokuwa mbaya, hajauliza. Usichojua sema sijui. Wakisema wanahitaji karatasi zaidi sio kukataliwa, wape walichoomba tu, na kwa njia waliyosema.

Wakikataa, soma sababu iliyoandikwa neno kwa neno kabla ya kulia au kuomba upya. Kuomba upya na karatasi zile zile ni kununua jibu lile lile.

Ukishafika

Fungeni ndoa ndani ya muda wa viza, msisubiri ukumbi. Marekani ndoa ikiwa chini ya miaka 2 siku ya kupewa ukaazi, kadi inakuwa ya masharti ya miaka 2, na ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha mnatuma fomu I-751 ya kuondoa masharti hayo na ushahidi mpya wa kuishi pamoja, kwahiyo akaunti ya pamoja na mkataba wa nyumba anzeni mapema. Afu lile folda la hukumu, hati ya kwamba imekuwa ya mwisho, cheti chenye maelezo ya pembeni, na apostile, usilitupe kwa furaha ya kumaliza. Siku ya kuomba uraia fomu itauliza tena ndoa zako zote, na mtu wa masijala aliyekuwa anakujua kwa jina atakuwa ameshastaafu.